Mjafari "ulioishinda" antibiotiki ya gentamisini: uchambuzi wa kisa kimoja cha dawa ya vidonda

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa maabara, matabibu wa zahanati na yeyote anayepima dawa za miti shamba dhidi ya bakteria. Majina ya watu, kijiji, chuo na zahanati yameondolewa. Mti wa dawa hii, mjafari, nimeutaja kwa sababu matumizi yake yanajulikana pwani nzima. Dawa hii ina mmea wa pili pia, lakini huo siutaji, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana na mwenye dawa. Mimi niliitwa kusimamia kazi ya maabara baada ya matokeo ya kwanza kuwa yameshasambaa.

Usuli

Katika kijiji kimoja cha ukanda wa pwani ya Tanzania kuna bibi anayetibu majipu na vidonda vya usaha. Amesajiliwa kwa utaratibu wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mratibu wa tiba asili wa wilaya anamfahamu. Mganga mfawidhi wa zahanati ya jirani alikuwa ameona kwa muda mrefu kwamba wagonjwa wengi wa vidonda hupitia kwa Bibi kwanza, na kwamba baadhi yao hufika zahanati vidonda vikiwa vikavu na havinuki, hata kabla hawajapewa dawa yoyote. Hakuwakemea wagonjwa wake. Alimwendea Bibi, akamwamkia, akamuuliza anawatibu kwa dawa gani. Nawaomba wafawidhi wengine wafanye hivyohivyo, maana mgonjwa anayekemewa hakomi kwenda kwa mganga, anakoma tu kusema.

Dawa yenyewe ni hii. Bibi huchimba mzizi wa mjafari, mti wenye vinundu vya miiba kwenye shina, ambao wataalamu huuita Zanthoxylum chalybeum. Hubandua gome la mzizi, hulitwanga likiwa bichi, hulilowesha usiku kucha kwenye chungu cha maji baridi, kisha huchuja kwa kitambaa. Maji hayo huoshea kidonda asubuhi na jioni, na baada ya kuosha hunyunyiza unga wa mmea wa pili. Hachemshi. Kwake yeye, ukichemsha umeiua dawa.

Anayo masharti mawili zaidi. Hatibu kidonda kirefu kisichoonekana mwisho wake, na hagusi mguu wa mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Hao wote huwaelekeza zahanati. Masharti haya hayakuandikwa kwenye daftari la utafiti, na tutaona yaligharimu nini.

Hamu ya kupima dawa kama hii ina msingi. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na ukanda wa magharibi wa Afrika kusini mwa Sahara ndio uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko kwingine kote. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa tunauona wodini. Anayetafuta dawa mpya kwenye mizizi yetu anafanya kazi ya maana, na kwa sababu ni ya maana inastahili kufanywa sawasawa.

Mlolongo wa matukio

Mfawidhi alimkutanisha Bibi na mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akitafuta mada. Mwanafunzi alipokelewa vizuri, akaitwa mjukuu, akapewa mizizi. Kibali cha maadili ya utafiti kilikuwepo. Hakukuwa na makubaliano ya maandishi na Bibi kuhusu matumizi ya maarifa yake, na hakuna kielelezo cha mmea kilichopelekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ili kuthibitisha aina. Mizizi ilipokwisha, mwanafunzi aliongeza mingine kutoka kwa mchuuzi wa sokoni.

Maabara ilifuata utaratibu wake wa siku zote. Magome yalianikwa juani, yakasagwa, yakaloweshwa kwenye methanoli kwa siku tatu, methanoli ikavukizwa, ukabaki ute mzito wa rangi ya kahawia. Ute huo uliyeyushwa kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO kwa kiwango cha miligramu 200 kwa kila mililita. Bakteria wa Staphylococcus aureus walipakwa kwenye sahani ya agari ya Mueller-Hinton, yaani chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, vikatobolewa vishimo, na kila kishimo kikajazwa mikrolita 50. Pembeni kiliwekwa kidonge cha karatasi chenye mikrogramu 10 za gentamisini.

Kesho yake duara lisiloota bakteria kuzunguka mjafari lilikuwa pana kuliko la gentamisini. Picha ilipigwa, ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ikatoka humo. Mtangazaji mmoja wa redio ya jamii akasema hewani kwamba umepatikana mti unaoshinda antibiotiki. Mwanafunzi hakumtuma mtu kusema hivyo, wala hakukanusha.

Baada ya hapo mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Watu wakaanza kung'oa mijafari, wengine wakiuza mizizi kwa mafungu barabarani. Na mzee mmoja mwenye sukari, aliyekuwa anatumia vidonge vya antibiotiki kwa kidonda cha unyayo, aliviacha akachemsha mizizi nyumbani na kuoshea. Hakuwahi kufika kwa Bibi. Alirudi zahanati mguu umevimba na unanuka, akapewa rufaa, na hospitalini akakatwa kidole. Bibi alipopata habari alimwendea mfawidhi mwenyewe na kumwambia: "Huyo angekuja kwangu, ningemleta kwako."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha tasnifu isiwasilishwe. Uliuma, kwa sababu mwanafunzi alikuwa na tarehe ya mwisho na ada iliyokwisha kulipwa. Lakini hesabu ya ile sahani haikukaa sawa. Mikrolita 50 za mchanganyiko wa miligramu 200 kwa mililita hubeba miligramu 10 za ute, yaani mikrogramu 10,000. Gentamisini ilikuwa mikrogramu 10. Tulikuwa tumeshindanisha gunia na kibaba, tukashangaa gunia limezidi. Zaidi ya hayo, hakukuwa na kishimo chenye DMSO tupu, na DMSO yenyewe ikiwa nzito hudhuru bakteria.

Uamuzi wa pili ulikuwa kurudi kijijini na kutengeneza dawa kwa mkono wa Bibi: chungu chake, maji yake, kinu chake, usiku wake. Dawa hiyo ilisafirishwa kwenye kisanduku cha barafu na kupimwa bila kugeuzwa. Baadhi ya wenzangu waliona huko ni kupoteza muda, kwa hoja kwamba methanoli hutoa kemikali nyingi zaidi kuliko maji. Ni kweli hutoa nyingi zaidi. Lakini mgonjwa haoshwi kwa methanoli, na swali lililotupeleka kijijini lilihusu kile kinachomgusa mgonjwa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuacha milimita na kupima kiwango cha chini kinachozuia bakteria kuota. Tulitumia sahani ya vishimo 96. Dawa hupunguzwa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo ndani ya chakula cha majimaji cha bakteria, bakteria huongezwa, na mwishoni hutiwa rangi ya INT, ambayo hugeuka wekundu pale penye bakteria hai. Njia hii ilielezwa na J. N. Eloff wa Afrika Kusini mwaka 1998 kwa ajili ya mimea hasa, haihitaji mashine ghali, na inatumia dawa kidogo mno. Tulitumia aina tatu za bakteria wa ulinganisho wanaojulikana kimataifa: Staphylococcus aureus, Escherichia coli na Pseudomonas aeruginosa. Kila sahani ilikuwa na kishimo cha kiyeyushi tupu, kishimo cha antibiotiki, kishimo cha bakteria bila dawa, na kishimo cha dawa bila bakteria.

Kishimo hicho cha mwisho wanafunzi hupenda kukiruka ili kuokoa nafasi. Katika kisa hiki ndicho kilichosema jambo zito kuliko vyote.

Uamuzi wa nne ulikuwa kupeleka matawi yenye majani na matunda kwa mtaalamu wa mimea. Kwenye pwani yetu jina mjafari hubeba zaidi ya mti mmoja wa jenasi ya Zanthoxylum, na mzizi uliokwisha kubanduliwa hausemi ni upi. Mizizi ya sokoni tuliitupa yote.

Matokeo

DMSO tupu ilitoa duara lake. Lilikuwa dogo, lakini lilitosha kuonyesha kwamba sehemu ya ile picha haikuwa kazi ya mjafari.

Ute wa methanoli ulizuia Staphylococcus aureus katika kiwango cha chini ya miligramu 1 kwa mililita, lakini haukufika karibu na mikrogramu 100. Mipaka hii miwili ilipendekezwa na watafiti Ríos na Recio mwaka 2005: ute ghafi unaohitaji zaidi ya miligramu 1 hauna haja ya kufuatiliwa, na unaofanya kazi chini ya mikrogramu 100 unavutia sana. Wetu ulikaa katikati. E. coli alihitaji dawa nyingi kuliko mpaka huo wa juu. Pseudomonas hakutikisika katika kiwango chochote tulichopima. Tulipochukua tone kutoka vishimo vilivyoonekana safi na kuliotesha upya kwenye agari, Staphylococcus aliota tena. Dawa ilikuwa imemzuia bila kumuua. Kuotesha upya kulitusaidia pia kwa sababu rangi ya kahawia ya ute ilikuwa inaufunika wekundu wa INT, na jicho peke yake lisingeaminika.

Dawa ya Bibi ya maji baridi ilimzuia Staphylococcus katika vishimo vya mwanzo tu, vyenye dawa nzito. Na kishimo chake kisicho na bakteria waliotiwa na sisi kiligeuka chekundu. Dawa yenyewe ilikuwa na bakteria hai: bacilli wanaotengeneza mbegu ngumu, wa aina zinazoishi udongoni.

Kumwambia Bibi lilikuwa jambo la heshima, na tulienda kwake, hatukumwita. Mwanafunzi ndiye aliyezungumza. Bibi alisikiliza, akauliza: "Hao wadudu ni wa maji au wa udongo?" Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyosikia katika kazi ile, na hatukuwa na jibu. Tukapima: maji ya kisima peke yake, maji yaliyochemshwa, gome lenye ngozi yake ya nje, na gome lililosuguliwa na kukwanguliwa. Bakteria walitoka pande zote mbili, zaidi kwenye ngozi ya nje ya gome. Bibi akaamua mwenyewe: "Maji nitachemsha yapoe. Mizizi sichemshi." Akaongeza kukwangua ngozi ya nje na kuosha kinu. Bakteria walipungua sana kwenye kipimo kilichofuata, lakini hawakuisha.

Kwa sababu hawakuisha, zahanati na Bibi walipatana kwamba kila mwenye jeraha lililogusa udongo, au aliyeoshwa kwa dawa hiyo, apelekwe kuangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Mbegu za pepopunda hukaa udongoni na hazifi kwa kuoshwa. Kwa afya ya watu wa kijiji kile, nadhani mapatano hayo ni ya thamani kuliko namba zote tulizopata.

Uchambuzi

Kosa kubwa la awamu ya kwanza lilikuwa kuisoma milimita kama nguvu. Duara kwenye agari hutegemea wingi wa dawa, uwezo wake wa kuua, na kasi yake ya kusambaa ndani ya agari. Gentamisini huyeyuka kwenye maji na husambaa kwa urahisi. Kemikali nyingi za mimea ni kubwa au za mafuta, hukwama karibu na kishimo. Kwa hiyo mmea dhaifu uliowekwa kwa wingi unaweza kutoa duara pana, na mmea wenye nguvu uliokwama unaweza kutoa duara dogo. Ndiyo maana viwango vya milimita vya antibiotiki vimewekwa kwa kila dawa peke yake: kwa gentamisini ya mikrogramu 10 na E. coli wa ulinganisho, duara linatarajiwa kuwa kati ya milimita 19 na 26. Hakuna kiwango kama hicho cha mjafari, na kulinganisha maduara yao hakuna maana. Sahani ya agari ina kazi yake, ya kuchuja haraka kipi kifuatiliwe. Haiwezi kutangaza mshindi.

Tofauti kati ya bakteria watatu haikutushangaza. E. coli na Pseudomonas wana utando wa nje unaozuia kemikali nyingi kuingia, na pampu zinazozitoa zile zilizopenya. Staphylococcus hana utando huo wa nje, ingawa naye ana pampu. Hapo ndipo linapokuja suala la mmea wa pili. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba mimea ya Berberis, inayotengeneza berberini, kemikali inayodhuru bakteria, hutengeneza pia kemikali nyingine ambayo peke yake haiui bakteria, ila huziba pampu ya NorA ya Staphylococcus, na berberini ikapata nguvu. Sisemi kwamba unga wa Bibi unafanya hivyo. Nasema kwamba kupima nusu ya dawa, kisha kuipa nusu hiyo jina la dawa yake, kulikuwa kumdhulumu hata kabla ya swali la kisayansi.

Suala la kutochemsha nalo lisipuuzwe. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini ya malaria, alifanikiwa baada ya kusoma kitabu cha kale cha Kichina kilichoelekeza mmea uloweshwe na kukamuliwa. Akaona joto la maabara huenda ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akatumia kiyeyushi kinachochemka kwenye joto la chini. Mwenye dawa anaposema usichemshe, hilo ni agizo la maabara na liandikwe kwenye daftari. Mwanafunzi wetu alianika magome juani na kuyavukiza kwenye joto, akaliacha agizo hilo nje ya daftari kama vile alivyoyaacha masharti ya sukari na kidonda kirefu. Hapa ndipo ninapokasirika hasa. Kidole kile kilipotea kwa sababu tulibeba mzizi tukaacha maelezo yake. Bibi alikuwa na mpaka wa usalama, nasi tukaiachia picha itembee bila mpaka.

Mbona basi vidonda vya Bibi hupona? Hatukuwa na kundi la wagonjwa wa kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kusema kwa kipimo ni nini hasa kinachoviponya. Ninaweza kusema yanayoelekea. Majipu mengi husababishwa na Staphylococcus aureus, yule yule ambaye dawa inamzuia kidogo, na jipu likishatoa usaha mara nyingi hupona lenyewe. Magome mengi yana tanini, ambazo hukaza na kukausha. Na Bibi huosha kidonda mara mbili kila siku, polepole, hadi kiwe safi, jambo ambalo nesi mwenye foleni hadi mlangoni hawezi. Mfawidhi aliliona hilo, na sasa ndugu wa mgonjwa hufundishwa kuosha kidonda nyumbani kwa maji yaliyochemshwa na chumvi.

Tanini hizohizo zinatia shaka matokeo mazuri ya sahani. Hushikana na protini. Kwenye chakula cha maabara zinawakuta bakteria peke yao, ilhali kidondani zinakuta damu na usaha, zinashikwa huko kabla hazijafika. Kipimo cha kuongeza majimaji ya damu kwenye vishimo bado hakijafanyika. Wala hakijafanyika kipimo cha sumu kwa seli za binadamu, na hicho ni cha lazima, kwa sababu miti ya Zanthoxylum inajulikana kwa kemikali za kundi la alkaloidi kama chelerithrini na nitidini, ambazo huua bakteria na huua seli zetu pia. Dawa inayozuia bakteria kwa kiwango kilekile kinachochoma nyama mpya ya kidonda haimfai mtu. Kabla ya vipimo hivyo, tumekataa kila ombi la kuifanya dawa hii marhamu ya dukani.

Yaliyofanikiwa: heshima ya mfawidhi, kurudi kwenye chungu cha Bibi, na kishimo cha dawa bila bakteria. Mwanafunzi aliandika tasnifu upya, ikiwa na matokeo ya wastani na maelezo kamili ya matokeo ya kwanza na upungufu wake. Wakaguzi waliipitisha. Redio ilitoa nafasi kwa mfawidhi kueleza, ingawa kanusho halikufika kote lilikofika tangazo.

Makubaliano ya maandishi na Bibi yalisainiwa mwishoni, wakati yalipaswa kutangulia mzizi wa kwanza. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya mimea na maarifa yake, inadai ridhaa na makubaliano ya mgawanyo wa faida kabla ya matumizi, na chuo kilijua hilo. Makubaliano yetu yameandikwa kwa Kiswahili, nakala anayo yeye, na yanasema picha yoyote ya dawa yake haitoki maabara bila ruhusa yake.

Imebaki mijafari yenyewe. Kuchimba mzizi kunaweza kuua mti, na kelele za redio zimemwacha Bibi akitembea mbali zaidi kuutafuta. Afrika Kusini waliwahi kukutwa na hali kama hii kwa mti wa Warburgia salutaris, uliochunwa magome hadi ukawa haba, na uchunguzi ukaonyesha majani yake yanaweza kushika nafasi ya gome. Tutapima majani ya mjafari kwa njia ileile ya vishimo. Bibi ameshatoa majani ya kwanza, na ameagiza yaloweshwe kwenye maji baridi, pamoja na unga wake wa pili, kabla ya mtu yeyote kuyatia methanoli.